Zaburi 137: nilivyojifunza kuusali mstari wa mwisho

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu yangu, umeuliza mtu anaisalije Zaburi 137 mpaka mwisho, pale inapomwita heri atakayewaseta wachanga wa Babeli juu ya mwamba. Mimi niliuruka mstari huo miaka mingi. Hata Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, huishia mstari wa 6.

Kwanza, usikimbilie kuulainisha. Ni kilio cha watu walioona Yerusalemu ikibomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, wakaswagwa uhamishoni. Waache walie.

Kosa langu lilikuwa jingine. Tangu baba afariki nina ugomvi wa shamba na mdogo wangu, na kila nikisoma zaburi za kisasi, Babeli ilikuwa na sura yake.

Kwenye mafungo, mtawa mmoja Mbenediktini alinieleza kwamba Origen wa Aleksandria, karne ya 3, aliwaona wachanga hao kuwa mawazo mabaya yanayoanza kuota moyoni. Mwamba ni Kristo, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 10:4. Mtakatifu Benedikto akaliweka hilo katika Kanuni yake ya maisha ya watawa, sura ya 4, Kanuni hiyo hiyo inayofuatwa leo katika monasteri za Peramiho, Ndanda na Hanga: wazo baya likikujia, lisete papo hapo juu ya Kristo, kisha mfunulie mzee wa kiroho.

Lililonishika ni huo uchanga. Wazo langu huanza dogo kabisa: simu inaita, naona jina la mdogo wangu, moyo unasema, "Anataka nini tena huyu?" Basi. Nikilinyonyesha, kufika usiku limeota meno, nimelala macho napanga maneno ya kumwaibisha kwenye kikao cha ukoo. Siku hizi simu ikiita nataja jina la Yesu, ndipo napokea.

Mara nyingine nachelewa, na wazo lililokomaa halisetwi kirahisi. Hapo ndipo ile nusu ya pili ya agizo la Benedikto, ya kumfunulia mzee wa kiroho, iliponisaidia. Nilimwambia padre, kwa aibu kubwa, kwamba nilikuwa namwombea mdogo wangu mavuno mabaya. Kulitamka tu kulilivunja nguvu.

Shamba bado halijagawanywa. Nawe ukiusali mstari huo ukajikuta unamwona mtu fulani, usiendelee. Rudi mstari wa kwanza, ukae na wale wanaolia kando ya mito.