Shangazi, mwanangu halali tangu matokeo yatoke

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne nipo Newala, kifungua mimba wangu yuko kidato cha nne na Novemba hii ndo anaingia mtihani wa taifa, sasa tangu yatoke matokeo ya mtihani wa mkoa, kapata divisheni foo, mtoto kabadilika kabisa, saa nane usiku namkuta na tochi ya simu kwenye daftari, chakula anadonoa tu, hata ming'oko aliyokuwa anaigombania na wadogo zake haigusi. Wiki iliyopita darasani moyo ulimwenda mbio mikono ikatetemeka mpaka akarudishwa nyumbani. Malaria tumepima mara mbili hamna kitu. Bibi yake anasema karogwa, baba yake anasema uvivu, kila jioni anamkumbusha hela ya korosho imeishia kwenye tuisheni yake. Juzi kaniambia "mama nisingekuwepo msingepata tabu hii". Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanzia pale ulipomalizia, maana hilo neno alilokuambia ndo zito kuliko divisheni foo. Kaa naye wawili tu, muulize waziwazi kama huwa anawaza kufa au kujidhuru. Najua unaogopa utamtia hilo wazo kichwani, hapana, kumuuliza hakumtii wazo, mara nyingi mtoto anapumua kwamba mtu kamwona. Akisema ndiyo usimwache peke yake, dawa na sumu za shambani zifungie mbali, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali, useme kila kitu usiishie kwenye kukosa usingizi, wakiona inafaa watawapa rufaa ya hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara. Na hata akisema hapana bado mpeleke wiki hii, muda wote huu bila usingizi wala kula vizuri sio jambo la kusubiri lipite. Ipo pia namba 116 ya watoto, kupiga bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Ile ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, hofu ikizidi mwili unafanya hivyohivyo kama umekutana na nyoka njiani, haigizi na sio uvivu. Mganga mwacheni kwanza jamani.

Usingizi sasa. Umri wake anahitaji masaa nane mpaka kumi, na kile alichosoma mchana ubongo unakihifadhi akiwa amelala, kwa hiyo huo usiku anaokesha unamlia alichokipata mchana, ndo maana anasoma sana na hakikai. Saa nne simu na daftari vikae chumbani kwako.

Baba yake muulize hivi, mkorosho ukishikwa na ugonjwa wa ubwiriunga huwa anausema mti mvivu au anaenda kutafuta dawa ya salfa? Hizo hesabu za korosho aziache kabisa, mtoto anazijua tayari, anazirudia kichwani usiku kucha mpaka kaona yeye ndo hasara ya nyumba. Amwambie kwa mdomo wake, mbele yako, kwamba hata mtihani ukikataa yeye ni mwanae, na kwamba kuna kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuna chuo cha ufundi cha VETA pale Mtwara, mafundi wengi tunaowategemea walipita njia hiyo.

Mwalimu wake wa darasa pia ajue. Ila hayo ya baba na mwalimu kesho, leo usiku wadogo zake wakilala kaa naye barazani umuulize lile swali, halafu niandikie alivyokujibu.