Maswali ya wasomaji: Gazeti tu la karatasi?

SWALI: Kaka mhariri shikamoo. Nina miaka 21, hip hop ndo kila kitu kwangu. Sasa nikikaa na wajomba zangu hawaishi kusifia The Source na Vibe, magazeti ya hip hop ya Marekani, eti zamani gazeti lilikuwa linaweza kumtoa msanii. Mi naona wanatia chumvi. Na kama yalikuwa na nguvu hivo mbona yamepotea?
Msomaji, Tabata, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wajomba wako sahihi kabisa. The Source ilianza 1988 ikiwa karatasi moja tu, wanafunzi wawili wa Harvard waliokuwa na kipindi cha redio wakawa wanawatumia wasikilizaji wao. Baadae ikawa na safu ya Unsigned Hype, wanachambua kaseti za demo, yani nyimbo za majaribio, za wasanii wasio na mkataba. Machi 1992 akatoka humo kijana wa Brooklyn, huyo ndo Notorious B.I.G., na ni kupitia watu wa safu hiyo kaseti yake ikamfikia prodyuza Puff Daddy. 1998 akapita humohumo Eminem. Halafu kulikuwa na mic, ndo alama zao za kupima albam, inapewa mpaka tano, Nas alipopewa tano 1994 kwa albam yake ya kwanza hiyo ilikuwa habari mtaani.

Sasa sisi huku gazeti linatufikia lina miezi kibao, limeshapita mikono ya watu kumi, kava limeng'oka, picha ya katikati kuna mtu kaichomoa kaibandika ghetto kwake kwa uji wa ngano. Picha nyingine unazikuta kwa kinyozi, unanyoosha kidole tu, ninyoe kama huyu. Nilikuwa nasoma uchambuzi wa albam miezi kabla sijasikia hata wimbo mmoja, yani naijenga kichwani, biti hivi, sauti hivi, halafu siku kaseti inakuja mjini nakaa naisikiliza yote upande A na B nikibishana na mwandishi moyoni, hapa umesema kweli hapa umeniangusha. Kusikiliza muziki nilijifunzia hapo, sio redioni.

Kwanini yamepotea? Wimbo saivi unausikia sekunde ileile unapotoka, nani atasubiri mtu amwambie ukoje. Na hela ya magazeti haya haikuwa bei ya nakala peke yake, matangazo ndo yalikuwa yanalipa, ya lebo za muziki, nguo, viatu, yakahamia kwenye simu. Vibe aliyoianzisha Quincy Jones ilifungwa 2009, ikarudishwa lakini haikuwa tena ile. Uingereza nako gazeti la muziki la NME lililokuwepo tangu 1952 lilianza kugawiwa bure 2015 na Machi 2018 likaacha kuchapwa kila wiki, na jarida la Q nalo likafunga 2020.

Lakini mengine walijiharibia wenyewe, hili linaniuma mpaka leo. 1994 mmoja wa waanzilishi wa The Source alipenyeza makala ya kundi alilokuwa analisimamia, wahariri hawana habari, wakaondoka kwa mpigo. Msomaji akishajua mic zinaweza kuwa na mwenyewe, anakuamini vipi tena?

SWALI: Habari kaka. Marehemu mume wangu kaacha maboksi mawili ya magazeti ya muziki, yapo The Source za zamani. Jirani muuza karanga anayataka afungie. Nimpe?
Mama Salma, Mombasa

JIBU: Pole sana dada yangu, na tafadhali usimpe, mpe magazeti ya juzi. Hayo yatoe sakafuni maana chumvi ya pwani na unyevu vinayala, yalaze bapa, usiyafunge na mpira, katikati weka majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Yaliyokatwa picha usitupe, uchambuzi wenyewe unakuwa kurasa za nyuma. Na siku ukiyapanga nakuomba uangalie tarehe kwenye kava, ukikuta The Source ya Machi 1992 niandikie hapahapa, nitapanda basi nije kuisoma hapo kwako, sitaomba kuondoka nayo.