Seva ya imeli ibaki stoo au tuhamie klaudi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ndio dada wa utawala kwenye kampuni ya uwakala wa forodha huku Kurasini, Dar, tuko watu 24. Imeli zetu zote ziko kwenye seva imewekwa stoo, ina Exchange 2016 (programu ya Microsoft ya kuendesha imeli), umeme ukikatika na betri ikiisha basi ndio hatuna imeli mpaka mtu aje kuwasha. Fundi wetu anasema tununue seva mpya maana data zinabaki kwetu, mtoto wa bosi anasema tuhamie klaudi, yaani imeli zikae kwenye seva za Google au Microsoft huko mtandaoni, tulipie kila mwezi. Bosi hataki kusikia habari ya kulipa dola kila mwezi, na mawakala wa meli wanatutumia hati za mizigo hata saa nane usiku. Nimwambie nini?

JIBU: Pole dada, na asante kwa kueleza vizuri. Nianze na jambo la haraka kabla hata ya kubishana klaudi au seva. Hiyo Exchange 2016 muda wake umeisha, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 pamoja na ya 2019, kwa hiyo likigundulika leo tundu jipya la kuingilia wezi wa mtandaoni usitegemee litazibwa. Na hili sikutishi bure. Machi 2021 wezi waliingia kwenye seva za Exchange za maofisini dunia nzima kupitia matundu manne, mpaka Mamlaka ya Benki ya Ulaya ikabidi izime imeli zake kwa muda, ila waliokuwa kwenye Exchange ya mtandaoni inayoendeshwa na Microsoft wenyewe hawakuguswa na yale matundu. Marekebisho yalitoka tarehe 2 mwezi huohuo, shida ikawa ni nani ofisini kwako atayaweka, na atayaweka lini.

Hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Muulize fundi wenu, kwa heshima tu, seva ikizima Jumamosi usiku nani anakuja? Akisafiri je? Kama jibu ni yeye peke yake basi watu 24 mmewekeza kazi yenu yote kwa mtu mmoja na betri moja. Mimi kwa ofisi ya ukubwa wenu nasema hamieni, tena msingoje seva ife.

Kuhusu dola, namuelewa bosi, hela inakatwa kwa kila mtumiaji kila mwezi na shilingi ikishuka mnaumia. Lakini apige hesabu ya upande wa pili yote: mashine, leseni, betri, kiyoyozi cha stoo kinachowaka usiku na mchana, mafuta ya jenereta, mshahara wa fundi, halafu baada ya miaka mitano hivi anunue mashine tena. Na sio kila mtu anahitaji akaunti ya bei kubwa, dereva na mlinzi mara nyingi hawahitaji kabisa, na anwani kama ya info inaweza kuwa ya kundi isiyolipiwa.

Kuna na hili la imeli kuangukia kwenye spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, domeni yako (lile jina la kampuni baada ya @) isipokuwa na SPF au DKIM, yaani rekodi za kuthibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli, barua zako zinakataliwa au zinatupwa spamu, na seva ya stoo inataka pia anwani yake ya namba ya intaneti ikitafutwa ilete jina sahihi la seva na isiwe kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu. Huko klaudi kazi kubwa wanaifanya wao, wewe unaweka rekodi kwenye domeni basi.

Fundi wenu ana hoja moja ya kweli, intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na nchi nzima tukahangaika. Ila siku kama hiyo hata seva ya stoo haipokei kitu kutoka nje, mtabaki mnatumiana wenyewe kwa wenyewe humo ndani. Wekeni laini mbili za kampuni tofauti, ya pili hata iwe ya simu. Na simu za mezani za ndani msizihamishe kwa pupa, ule mtambo wenu wa simu uacheni hapohapo, unapiga chumba hadi chumba hata intaneti ikiwa imelala.

Sasa yale ambayo watu wanasahau kabisa wakihama, naomba uyaandike. Domeni iwe kwa jina la kampuni, isiwe ya fundi, nimeona ofisi imegombana na fundi ikakosa jina lake lenyewe. Klaudi sio bakapu (nakala ya akiba), Gmail ukifuta barua inakaa kapuni siku 30 halafu imekwenda, kwa hiyo kila mwezi toeni nakala mweke kwenye diski yenu. Akaunti kuu washikilie watu wawili, nenosiri pamoja na namba ya uthibitisho kwenye simu. Na kwa kuwa mna pasipoti na TIN za wateja humo, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na kampuni ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama bado.

Hameni wikendi ya katikati ya mwezi meli zikiwa chache, na seva ya zamani ikishatolewa intaneti iacheni iwake humo ndani kama miezi miwili, kuna siku mhasibu atatafuta barua ya 2019.