Nimefunga terminali, mbona programu bado iko hai?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Masasi. Msimu huu wa korosho niliandika programu ndogo ya Python, nimeiita mizani.py, inakaa kwenye laptopu yangu ya Ubuntu. Wenzangu wawili wanaifungua kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya ofisi, poti 8000, wanaingiza namba ya mkulima, idadi ya magunia na kilo. Huwa naiwasha kwa `python3 mizani.py &` ili dirisha libaki huru kwa kazi nyingine. Jioni nafunga terminali, ila laptopu siizimi. Asubuhi nyingine nikiiwasha inagoma, inaandika `Address already in use`. Asubuhi nyingine inawaka vizuri kabisa. Sielewi kwa nini siku nyingine inakufa na siku nyingine inabaki. Rafiki yangu anasema nibadilishe poti iwe 8001 basi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi hiyo.

Kwanza kabisa, poti usibadilishe. Kama umeshabadilisha, acha kusoma hapa uandike hivi:

`pgrep -af mizani.py`

Ikitokea mistari miwili, unazo programu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Simu za wenzako bado zinakumbuka 8000 na wewe unatazama 8001. Kilo za mkulima mmoja zinaingia huku, za mwingine kule, na zote mbili huenda zinaandika katika faili lilelile bila kujuana. Poti ni kama gati pale bandarini kwetu Mtwara: meli ikishafunga kamba, nyingine haiwezi kutia nanga mahali hapo. Kuipeleka meli ya pili gati la jirani hakuiondoi ile ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali, maana umeuliza jambo ambalo watu wengi wanaofanya kazi hii kwa miaka hawajalichunguza.

Programu ikiwa kazini inaitwa mchakato, na kila mchakato una namba yake na una mzazi wake. Ukifungua terminali, inaanza bash, yaani sheli (si ya mafuta, ni ile programu inayopokea amri unazoandika). Ukiandika `python3 mizani.py &`, bash inamzaa mtoto. Alama ya `&` maana yake ni kwamba mtoto huyo afanye kazi nyuma, asizuie kibodi.

Wengi wanadhani kufunga dirisha ni kuzima kila kilichomo ndani yake. Sivyo. Kufunga dirisha ni kukata simu. Nasema kukata simu kwa sababu ndivyo lilivyoanza. Unix ilizaliwa mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na enzi hizo mtu aliweza kuifikia kompyuta ya mbali kwa laini ya simu. Laini ikikatika, mfumo ulituma ishara kwa michakato ya mtu yule kuwaambia kwamba mwenyewe ameondoka. Ishara hiyo ipo mpaka leo, ni namba 1, inaitwa SIGHUP, na hizo herufi tatu za mwisho zinatokana na neno la Kiingereza la kukata simu. Mchakato unaoipokea bila kuwa na maelekezo yoyote juu yake hufa papo hapo. Kwa hiyo lililobaki ni kuuliza: jioni ile, ni nani aliyeipata ishara?

Hapa nakuomba ukumbuke vizuri unavyofunga. Nadhani siku nyingine unabofya alama ya X juu ya dirisha, na siku nyingine unaandika `exit`. Kwako wewe ni jambo moja. Kwa bash ni mambo mawili tofauti kabisa.

Ukibofya X, terminali inaondoka ghafla, bash inapokea SIGHUP, na kabla haijafa inaisambaza kwa watoto wake wote, wa mbele na wa nyuma. Mizani.py inaipata, inakufa. Asubuhi poti iko wazi.

Ukiandika `exit`, bash inaondoka yenyewe kwa hiari, na kwa desturi yake haiwatumii watoto wa nyuma ishara yoyote. Kuna mpangilio unaoitwa `huponexit` unaohusika na jambo hilo, lakini kwa kawaida umezimwa. Mfumo nao, mkuu wa kikao (yaani hiyo bash) akiondoka, unapeleka ishara kwa kundi lililo mbele tu. Mizani.py haiko mbele, iko nyuma kwa sababu ya ile `&`. Hakuna aliyeiambia chochote. Inabaki yatima, na katika Ubuntu ya mezani yatima huyo anachukuliwa na `systemd`, programu inayosimamia huduma zote za mfumo. Asubuhi unakuta gati lina meli. (Kwenye kompyuta za Mac sheli ya kawaida ni zsh, nayo hufanya kinyume: hukuonya, kisha ukisisitiza kuondoka inawapelekea watoto ishara. Kwa hiyo usishangae ukisoma ushauri unaopingana na huu wangu.)

Jaribu mwenyewe leo. Funga kwa `exit`, fungua dirisha jipya, andika:

`ss -ltnp | grep 8000`

Utaona mstari wenye `python3` na namba, tuseme `pid=4312`. Kisha mchunguze huyo 4312:

`ps -o pid,ppid,tty,stat,lstart,cmd -p 4312`

Safu ya PPID ni mzazi: haitakuwa bash tena. Safu ya TTY itakuwa na alama ya kuuliza, maana hana terminali. STARTED itakuambia aliwashwa lini, na mara nyingi hilo peke yake linamaliza ubishi, kwa sababu unaona tarehe ya juzi. STAT ni hali yake. S ni amelala akisubiri kazi, hiyo ni kawaida. T ni amesimamishwa: mtu alibonyeza Ctrl+Z akidhani anazima. Ctrl+Z haizimi, inagandisha tu, na poti inabaki imeshikwa na mchakato usiomjibu mtu. Z ni mchakato uliokwisha kufa ambao mzazi wake hajauondoa kwenye daftari. Huo hauna poti wala kumbukumbu, usihangaike nao. Kama hukuona mchakato wowote na poti bado inakataa, subiri dakika moja. Linux, ambayo ndiyo moyo wa Ubuntu yako, huishikilia miunganisho iliyofungwa karibuni kwa sekunde 60 ili pakiti zilizochelewa zisichanganyikane na mpya.

Lipo jambo jingine kuhusu yatima huyu. Anaonekana mzima, lakini terminali aliyokuwa akiandikia haipo tena. Programu yako ikijaribu kuchapisha neno lolote kwenye skrini, inapata hitilafu ya `Input/output error`. Nyingine hufia hapo. Nyingine hubaki zimeshika poti huku hazijibu, na mwenzako anatazama ukurasa mweupe kwenye simu akidhani Wi-Fi ndiyo mbovu.

Sasa kumwondoa. Nakusihi usianze na `kill -9`. Ishara namba 9 haimfikii mchakato kabisa, mfumo unamwondoa tu, hapati nafasi ya kufunga faili wala kumaliza sentensi. Miaka ya nyuma nilikuwa nahudumia ghala moja mkoani Lindi. Programu ya mapokezi ilionekana imekwama, foleni ya magari ilikuwa ndefu, nikapiga `kill -9` bila kufikiri. Mistari ya mwisho ya siku ile haikuwamo kwenye faili. Tulikaa na makarani mpaka usiku tukirudishia kutoka kwenye risiti za karatasi, moja moja, na ninashukuru Mungu karatasi zilikuwepo.

Vitabu vingi vitakuambia utumie `kill 4312` peke yake, yaani SIGTERM, namba 15, ambayo ni ombi la kuondoka kwa adabu. Kwa programu nyingi ni sawa. Kwa Python si sawa moja kwa moja. Python isipoelekezwa cha kufanya na SIGTERM inakufa hapohapo, bila kupita kwenye sehemu zako za `finally`, zile za kufunga kazi mwishoni. Ishara ambayo Python inaielewa tangu kuzaliwa ni SIGINT, ileile ya Ctrl+C. Kwa hiyo:

`kill -INT 4312`

Hesabu sekunde kumi. Hajaondoka? `kill 4312`. Bado? Hapo sasa `kill -9 4312`, ukijua unachofanya. Aliyegandishwa kwa Ctrl+Z, mtangulizie `kill -CONT 4312` ili aamke asikie.

Hayo ndiyo uliyouliza. Lakini mdogo wangu, programu inayobaki hainisumbui sana. Zinazonitia wasiwasi ni zile jioni ambazo ilikufa na wewe ukafurahi kwamba asubuhi imewaka vizuri.

SIGHUP nayo inaiua Python bila kuipa nafasi ya kufunga chochote. Kama mizani.py inafungua faili asubuhi, inaandika humo kutwa nzima, na kulifunga jioni, basi maandishi hayaendi diski kila unapoandika. Yanakusanywa kwanza kwenye kumbukumbu, na katika matoleo mengi ya Python mkusanyiko huo ni baiti 8192. Mstari mmoja wa mkulima, namba na magunia na kilo, tuseme ni herufi 40. Hiyo ni zaidi ya mistari 200 inayoweza kuwa hewani wakati unabofya X. Kesho yake hakuna kosa lolote linaloonekana. Hakuna ujumbe mwekundu. Kuna mkulima tu ambaye kilo zake hazimo, na atagundua siku ya malipo, baada ya mnada.

Tafadhali fungua programu yako leo uangalie. Ukikuta kila mstari unaandikwa ndani ya `with open(...)` inayofungua na kufunga palepale, uko salama kwa ishara hizi. Ukikuta faili linabaki wazi, ongeza mistari miwili baada ya kila kuandika:

`f.flush()`
`os.fsync(f.fileno())`

Wa kwanza unayatoa maandishi mikononi mwa Python, wa pili unaulazimisha mfumo uyafikishe diski, na huo wa pili ndio unaokulinda umeme ukikatika na betri ya laptopu ikiwa imechoka. Bora zaidi hamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, ambayo muamala wake ama unaingia mzima ama hauingii. Kisha linganisha faili lako na vitabu vya karatasi kwa siku zote tangu msimu uanze. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanyeni kabla ya mnada unaofuata.

Baada ya hapo, iondoe mizani.py kwenye terminali kabisa. Kazi inayotumiwa na watu watatu haipaswi kutegemea dirisha la mtu mmoja. Watu watakuelekeza `nohup`, na kweli inaifanya programu isiisikie SIGHUP, lakini itakuachia yatima kila siku na utarudi palepale. Mkabidhi `systemd`. Tengeneza faili `~/.config/systemd/user/mizani.service`, andika:

```
[Unit]
Description=Mizani ya chama

[Service]
WorkingDirectory=%h/mizani
ExecStart=/usr/bin/python3 -u %h/mizani/mizani.py
KillSignal=SIGINT
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=default.target
```

Badilisha njia ya folda iwe ya kwako. Uone nimeweka SIGINT, kwa sababu ile niliyokueleza. Kisha:

```
systemctl --user daemon-reload
systemctl --user enable --now mizani
sudo loginctl enable-linger $USER
```

Amri hiyo ya mwisho inairuhusu huduma yako iishi hata ukiwa hujaingia, na iwake yenyewe laptopu ikiwashwa. Kuanzia hapo kuzima ni `systemctl --user stop mizani`: inatuma SIGINT, inasubiri hadi sekunde 90, na ikishindikana ndipo inatumia nguvu. Inakumbuka watoto wote wa programu, kwa hiyo hapabaki yatima. Maneno yote yaliyokuwa yakienda kwenye skrini utayasoma kwa `journalctl --user -u mizani`.

Ukija kufanya kazi kwenye seva ya mbali kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), dawa ni nyingine: fungua kwanza `tmux`, programu inayokutunzia terminali hukohuko kwenye seva. Mtandao ukikatika katikati ya kazi unarudi na `tmux attach`, unaikuta ulipoiacha.

Na wale walioniuliza jambo hilihili wakiwa na Windows, `netstat -ano | findstr :8000` inawapa namba ya mchakato mwishoni mwa mstari, na `taskkill /PID 4312` inaomba uondoke. Ikiongezwa `/F` inalazimisha, na onyo la `kill -9` linahusika vilevile.

Ukimaliza, zima kwa `stop`, kisha rudia ile `ss -ltnp | grep 8000`. Isipotoa kitu, washa tena kwa `start` na uwaambie wenzako waingize mzigo mmoja wa majaribio. Uzime hapohapo, kisha fungua faili uangalie kama mstari wao umo. Ukikosekana, niandikie tena na uniwekee ile sehemu ya programu inayoandika kwenye faili.