Uliza Kwanza, Ndipo Ubonyeze: Kwa Mkufunzi Mpya wa Hisabati Chuoni

Ndugu yangu uliyeajiriwa juzi kuwa mkufunzi msaidizi, utakabidhiwa semina za mwaka wa kwanza, na utaambiwa utumie teknolojia. Namna ya kuitumia hutaambiwa. Projekta ikiwepo utaonyesha slaidi, wanafunzi watazipiga picha, kipindi kitaisha. Usiku slaidi zitazunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa, zitageuka desa, yaani notsi za kukariri, na siku ya mtihani mtu atauandika mfano wa tatu neno kwa neno bila kujua kwa nini delta, ile namba ya umbali kwenye uthibitisho wa limiti, ilichaguliwa vile. Nimefundisha kalkulasi ya mwaka wa kwanza muda wa kutosha kukuomba jambo hili moja: mwanafunzi aandike kwa kalamu, kwenye daftari lake, kile anachotarajia kabla mashine haijajibu. Ndipo ubonyeze.

Chukua ufafanuzi wa limiti kwa epsiloni (ε) na delta (δ), ambao ndio unaowapeleka wengi kwenye sapu, mtihani wa marudio: kwa kila ε, lazima ipatikane δ ambayo x ikiwa ndani ya umbali huo, thamani ya grafu inabaki ndani ya umbali ε kutoka kwenye limiti. Fungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, chora grafu ya x², na usimame kwenye x = 2, ambako limiti ni 4. Tengeneza vitelezi viwili, yaani vitufe vya kusogeza ili kubadili namba, kimoja cha ε na kingine cha δ. Ongeza mistari miwili ya mlalo, 4 + ε na 4 − ε, na miwili ya wima, 2 + δ na 2 − δ. Kuandaa hayo hakuchukui muda.

Weka ε = 1, kisha ondoa mkono. Uliza: delta kubwa kabisa inayotufaa hapa ni ipi? Wapo watakaosema 1, kwa sababu epsiloni ni 1. Wapo watakaosema 0.25, maana wanajua mteremko wa x² pale kwenye 2 ni 4. Hao wape nafasi wajieleze mbele ya wenzao, kwa kuwa wamekaribia sana. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza, lakini kwenye ubishi huu waache wazungumze Kiswahili. Utasikia sauti za watu ambao hawajafungua mdomo tangu muhula uanze. Baada ya hapo sukuma kitelezi cha δ polepole mpaka mstari wa wima wa kulia ufike pale grafu inapokata mstari wa juu. Utafika hapo δ ikiwa 0.236 hivi, yaani √5 − 2. Upande wa kushoto bado una nafasi hadi 0.268. Mtu akiuliza kwa nini kulia kunabana mapema kuliko kushoto, usimjibu wewe. Kuna mwenzake atakayeona kwamba x² inazidi kupanda kwa kasi kadiri unavyokwenda kulia.

Sasa shusha ε hadi 0.1. Delta inashuka hadi 0.0248. Waambie waigawanye delta kwa epsiloni katika kila hali: 0.236, kisha 0.248. Zote zimezidi moja ya tano. Hapo ile δ ya kwenye notsi, ambayo ni ndogo kati ya 1 na ε/5, iliyoonekana kama imeshuka kutoka mbinguni, inaanza kuwa na asili, na utawaonyesha ubaoni kwamba 5 imetokana na |x + 2| kuwa chini ya 5 pale x inapokuwa umbali wa chini ya 1 kutoka 2. Zima projekta ufanye hivyo. Kitelezi kimejaribu epsiloni mbili tu. Uthibitisho unadai zote, na kazi hiyo ni ya chaki.

Kuhusu vifaa, usijenge somo lako juu ya maabara ya kompyuta. Jenga juu ya simu. Programu za GeoGebra na Desmos, ambayo nayo huchora grafu, ni za bure, na zikishapakuliwa huchora grafu bila bando. Mwombe CR, mwakilishi wa darasa, awaambie wenzake wazipakue wakiwa kwenye intaneti ya chuo, siku kadhaa kabla, si asubuhi ya kipindi. Simu moja kwa watu watatu inatosha, tena ni bora kuliko kila mtu na yake, maana kwenye simu moja lazima mkubaliane nini kiandikwe. Video ndefu usizitume, hasa wakati bumu, fedha za mkopo wa kujikimu, limechelewa. Na umeme ukikatika, somo liendelee: grafu mbili tatu zilizochapishwa kwenye karatasi ziwe ndani ya begi lako kila siku.

Kuna somo jingine ninalolipenda sana, nalo ni la kuwaonyesha mahali kompyuta inapokosea. Wakishajua kwa kalamu kwamba (1 − cos x)/x² inaelekea ½ pale x inapoelekea 0, waandike mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kuipa x inayopungua. Kwenye 0.0001 watapata 0.499999997, na watafurahi. Kwenye 10⁻⁶ inakuja 0.50004. Kwenye 10⁻⁷ ni 0.4996. Kisha kwenye 10⁻⁸ kompyuta inatoa 0. Sifuri kamili! Darasa litagawanyika, na wapo watakaoanza kutilia shaka uthibitisho wao wenyewe badala ya mashine. Kaa nao hapo, usiharakishe. Tofauti kati ya 1 na kosaini ya 10⁻⁸ ni 5 × 10⁻¹⁷, na Python kwa kawaida inabeba tarakimu kama 16 tu, kwa hiyo kosaini hiyo imeandikwa kuwa 1 na juu ya sehemu pamebaki sifuri. Waambie waandike 2 sin²(x/2) badala ya 1 − cos x, wajaribu tena. Jibu linarudi kuwa 0.5. Kanuni ya trigonometria waliyoikariri kidato cha sita imeokoa hesabu, na wameona kwa macho yao.

Kazi za nyumbani zimebadilika, na huna budi kubadilika nazo. Programu ya simu ya Photomath inapiga picha ya swali na kutoa hatua zote, na tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali, ilipotoka mwishoni mwa 2022, ukiuliza «tafuta intigrali hii» utarudishiwa karatasi safi kutoka kwa mtu asiyeelewa kitu. Kukataza hakusaidii. Mimi huwapa jibu lenye kosa watafute kosa. Mfano: intigrali ya 1/x² kuanzia −1 hadi 1. Ukitumia −1/x na kuweka mipaka bila kufikiri, unapata −2. Waulize kabla ya lolote: grafu hii iko juu ya mhimili mwanzo hadi mwisho, eneo lake linawezaje kuwa hasi? Wachore kwenye simu, waone inavyopaa bila mwisho pale kwenye 0, halafu kila mmoja aandike kwa maneno yake hatua ipi haikuruhusiwa na kwa nini. Kisha unachagua wachache waje waeleze ubaoni. Aliyenakili utamjua ndani ya dakika moja, na hapo usimwaibishe. Mkalishe arudi wiki ijayo.

Kwa madarasa makubwa ambayo huwezi kusahihisha kila daftari, uliza kama chuo chako kina Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kisha omba waiwekee STACK, mfumo wa kusahihisha majibu ya hisabati ulioanzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza. Unampa kila mwanafunzi swali lenye namba tofauti, na unajua kwamba (x + 1)² na x² + 2x + 1 ni jibu lilelile. Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, wameutumia. Kuandika swali zuri la STACK ni kazi ya jasho mara ya kwanza, lakini swali hilo litakutumikia mwaka baada ya mwaka.

La mwisho ni mtihani. Mtihani ukiendelea kudai ukokotoaji tu, wanafunzi wataachana na haya yote, na watakuwa na haki. Weka walau swali moja lenye jedwali la Python au grafu iliyochapishwa, uwaulize inasema nini na inadanganya wapi. Mpelekee mratibu wa kozi mapema, pamoja na majibu unayoyatarajia, maana swali la aina hiyo litakuja na maswali kutoka kwa wanaopitia mtihani, na utahitaji muda wa kulitetea.