Wastaafu Wakiishi Zaidi ya Makadirio, Nani Analipa?

Kampuni ya bima inaogopaje watu kuishi muda mrefu? Si ndiyo heri yake?

Inategemea imeuza nini. Kwenye bima ya maisha ya kawaida hulipa mteja akifariki, kwa hiyo umri mrefu ni nafuu kwake. Ila iliyoahidi kumlipa mstaafu kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake, hesabu inageuka. Mzee mmoja kufikisha miaka 100 hakuyumbishi kitu, maana mwingine atatangulia mapema. Kinachotisha ni tiba kuboreka na wote kwa pamoja wakaongeza miaka miwili mitatu. Hapo wingi wa wateja hauokoi chochote. Ndipo kampuni hutafuta wa kuichukua hatari hiyo, kwa mkataba wa kubadilishana malipo.

Huo mkataba wa kubadilishana malipo unafanyaje kazi?

Kwanza pande mbili zinapatana juu ya makadirio: kila mwaka wastaafu wangapi watakuwa hai, na watalipwa kiasi gani. Kampuni ya bima inalipa kiasi hicho kilichopangwa, pamoja na ada. Upande wa pili unalipa kile wanachostahili wastaafu waliopo kweli. Tuseme makadirio, ada ikiwemo, ni milioni 100 na malipo halisi yakafika 104: kampuni inapokea milioni 4. Wakifariki mapema kuliko ilivyodhaniwa, yenyewe ndiyo inatoa. Kwa kawaida hulipwa tofauti tu, na uwekezaji wote unabaki mikononi mwa kampuni. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake mkubwa.

Nani anakubali kubeba mzigo huo?

Mara nyingi kampuni za bima mtawanyo, zile zinazozikatia bima kampuni nyingine za bima. Zina bima nyingi za vifo, hivyo watu wakiishi zaidi, hasara ya huku inafidiwa kwa kiasi na faida ya kule. Benki nazo ziliingia mapema: mwaka 2008 kampuni ya bima ya Canada Life ilifunga na benki ya J.P. Morgan mkataba wa miaka 40 uliohusu pauni milioni 500 nchini Uingereza. Mwaka 2014 mfuko wa pensheni wa BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ulihamishia hatari ya pauni bilioni 16 kwa kampuni ya bima ya Prudential ya Marekani.

Mimi ni mstaafu. Nitaanza kulipwa na hao wengine?

Hapana. Aliyekuahidi ndiye anayeendelea kukulipa.

Basi hatari imekwisha?

Haijaisha, imehama. Upande wa pili ukifilisika mwaka wa 20, kampuni inabaki na wazee wake wote na haina kinga. Ndiyo maana huwekwa dhamana, fedha taslimu au hati fungani za serikali, inayoongezwa au kupunguzwa makadirio yanapobadilika. Halafu ipo mikataba inayofuata takwimu za vifo za taifa zima badala ya wastaafu wenyewe. Wawekezaji huipenda, lakini wenye pensheni nono huishi zaidi ya wastani wa taifa, na pengo hilo halifidiwi na mtu. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wabebaji ni wachache, na kampuni nyingi hupeleka mzigo kwa hao hao. Msimamizi wa sekta ya bima anapaswa kujua jumla ya walichobeba, asiridhike kwamba kila mkataba una dhamana yake.