Hiki Kihusishi ni cha Nani? Nilivyojifunza Kutumia "in which" na "to whom"

Insha yangu ya kwanza ya Kiingereza chuoni ilirudi ikiwa na alama 11 za kalamu nyekundu, na zote zilikuwa zimezungushia maneno mawili yaleyale: "in which". Mwalimu hakueleza kosa ni lipi. Pembeni mwa ukurasa aliandika swali moja tu: hiki kihusishi ni cha nani? Alimaanisha ile "in", kwani vihusishi ni maneno madogo kama "in", "to" na "with".

Maneno hayo nilikuwa nimeyatumia kwa makusudi. Niliyaona kila mara kwenye maandishi ya kitaaluma, nikaamini ndiyo yanayoipa sentensi uzito, basi kila nilipotaka kuunganisha mawazo mawili nikawa nayachomeka. Niliandika "a disease in which kills many people". Niliandika pia "the book in which I read last week", nikimaanisha kitabu nilichokisoma. Katika sentensi ya kwanza ugonjwa ndio unaoua, hauna haja ya kihusishi chochote: "a disease which kills many people". Katika ya pili kitabu ndicho kilichosomwa, na kitenzi "read" kinakipokea moja kwa moja. Ile "in" haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa pambo.

Swali la mwalimu limenifaa kuliko kanuni zote nilizokariri kabla yake. Ukifika mahali unataka kuandika "in which", "to whom" au "for which", vunja sentensi yako iwe mbili kwanza. "This is the topic. I am interested in the topic." Sasa mwenye kihusishi anaonekana: "in" ni ya "interested". Ukiziunganisha, "in" haina ruhusa ya kupotea njiani. Utasema "the topic in which I am interested", au "the topic I am interested in". Fanya hivyohivyo na "depend on", "belong to", "responsible for", "good at". Kila kimoja huja na kihusishi chake, na kihusishi hicho hukifuata hata sentensi igeuzwe namna gani. Ndiyo maana nashauri mtu asijifunze "depend" peke yake. Ajifunze "depend on" kama neno moja.

Kwa nini sisi tunaozungumza Kiswahili tunateleza hapa sana? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na naona sababu imo ndani ya kitenzi chetu. Kiswahili kina njia ya kuuficha uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema "kisu alichokatia mkate", na kazi yote inayofanywa na "with" imebebwa na ile kauli ya kutendea. Tunasema "nyumba ninamoishi", na "mo" imeshasema kila kitu kuhusu ndani. Basi tukiingia kwenye Kiingereza tunaandika "the knife which he cut the bread" na "the house which I live", tukiwa na hakika kwamba tumemaliza. Sikio halilalamiki, kwa sababu limezoea kitenzi kilichokwisha beba mzigo huo. Kitenzi cha Kiingereza hakiubebi. Lazima useme "the knife with which he cut the bread", na "the house in which I live".

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Katika Kiswahili huwezi kusema "mtu niliyezungumza na" ukanyamaza; lazima umalizie "naye". Kwa hiyo tunaandika "the man whom I spoke with him", na ile "him" ni "naye" yetu iliyovaa nguo ya Kiingereza. Lakini "whom" tayari ni yule mtu. Ukimtaja tena mwishoni umemtaja mara mbili. Kwa Kiingereza "the man I spoke with" imekamilika, hata kama kwako inasikika kama mlango ulioachwa wazi. Mimi ilinichukua muda mrefu kuuzoea mlango huo.

Na hapa kuna watakaokuambia kwamba sentensi ya Kiingereza haifai kuishia na kihusishi. Usiwakubalie haraka. Lawama hiyo ni ya zamani: mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo, miaka 35 baada ya Jonson kufariki, kisha akarudi kuyarekebisha hata maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1762 Robert Lowth, mwandishi wa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, alikuwa mpole zaidi. Alikiri kwamba mtindo huo umeenea katika mazungumzo na unafaa maandishi ya kawaida, ila akaona kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi na kunafaa maandishi mazito. Ushauri wa Lowth bado unafaa leo. Ukizungumza au ukimwandikia rafiki, sema "the people I work with". Ukiandika tasnifu au barua rasmi, "the people with whom I work" itakaa vizuri. Zote mbili ni sahihi, na mtu anayesema "the friends with whom I play" katika mazungumzo ya kawaida anasikika kana kwamba anasoma hotuba.

Mwanaisimu John Robert Ross, mwaka 1967, aliipa hali hii ya kihusishi kuvutwa mbele jina la "pied-piping", linalotokana na hadithi ya mpiga filimbi wa Hamelin, yule aliyepiga filimbi panya wakamfuata. Naipenda picha hiyo kwa sababu inanikumbusha nani anamfuata nani: "which" ndiyo inayohamia mwanzoni mwa kishazi, na kihusishi kinavutwa kwenda nayo.

Ukishakitanguliza kihusishi, milango kadhaa hufungwa. "That" haiwezi tena kutumika, kwa hiyo "the house in that I live" ni kosa, ingawa "the house that I live in" ni sahihi kabisa. "Who" hugeuka "whom". Wala huwezi kuacha kirejeshi, yaani "which" au "whom" yenyewe: unaweza kusema "the house I live in", lakini huwezi kusema "the house in I live". Na "where" imeshameza "in" au "at" tumboni, kama "ambamo" yetu, kwa hiyo "the house in where I live" imeweka kihusishi juu ya kihusishi.

Vipo pia vihusishi visivyokubali kuvutwa. "Look after" na "put up with" ni maneno yaliyoshikana, yana maana yakiwa pamoja. Sema "the child she looks after" na "the noise we put up with", uviache mahali pake. Kwa upande mwingine, "during" karibu kila mara hutangulia: "the war during which he was born".

Sehemu iliyonisumbua kuliko zote ni ile ambayo mwenye kihusishi hayumo ndani ya kishazi. Chukua "the extent to which prices have risen". Tafuta "to" ni ya nani. Si ya "risen". Nilihangaika sana mpaka nikagundua kwamba mwenyewe ameketi nje, mbele ya kirejeshi: Kiingereza husema "to some extent", kwa hiyo ni "the extent to which". Husema "at high speed", kwa hiyo "the speed at which". "With ease" inazaa "the ease with which", na "under these conditions" inazaa "the conditions under which". Nilifungua daftari maalumu kwa ajili ya nomino za aina hii, na kila niliyokutana nayo niliiandika pamoja na kihusishi chake. Humo pia nikaiandika "the way in which", kwa sababu nilikuwa mtumwa wa "the way how", ambayo Kiingereza sanifu cha leo hakiikubali.

Nitaje na jambo la idadi. Kwa Kiswahili ni sahihi kabisa kusema "Nina dada watatu, wawili kati yao ni wauguzi." Ukiihamisha hivyo unapata "I have three sisters, two of them are nurses", sentensi mbili zilizoshonwa kwa mkato peke yake, na msahihishaji ataipigia mstari. Badili "them" iwe "whom": "I have three sisters, two of whom are nurses." Kwa vitu ni "which": "six books, most of which I have read." Ukizoea badiliko hili dogo, maandishi yako yatatulia sana.

La mwisho ni lile lililonishinda hata baada ya kudhani nimehitimu. Nilimwandikia mwenzangu "Give it to whomever asks first", nikijivunia ile "m", maana si kuna "to" mbele yake? Nikarudi kwenye swali la mwalimu wangu. "To" ni ya "give", sawa, lakini inampokea nani? Inapokea kishazi kizima, "whoever asks first", na ndani ya kishazi hicho kuna mtu anayeomba, ambaye ndiye mtenda. Nikafuta "m".